gh codespace, DevPod au Coder: ipi uishike kama kazi zako ni za terminali

Tuwekane sawa kwanza, hapa siongelei kufungua mazingira ya kazi kwenye brauza na kubofyabofya vitufe. Naongelea yule mtu anayeishi kwenye terminali, laptopu yake ina RAM ya GB 4 au 8, akiwasha Docker (programu ya kuendesha kontena, yaani visanduku vya programu) tu feni inalia kama mashine ya kusaga, kwa hiyo kaamua kazi nzito ifanyike kwenye seva huko klaudi na yeye abaki na skrini nyeusi na kibodi basi. Kwa mtu huyo zana za kuwasha, kuingia, kuzima na kufuta hayo mazingira kwa amri ziko kadhaa, zinazotajwa sana ni tatu: `gh` ya GitHub upande wa Codespaces (mashine za kazi za GitHub huko klaudi), DevPod, na Coder. Nitasema wazi mi naegemea wapi maana ulinganisho wa kusema zote nzuri inategemea na wewe haumsaidii mtu.

Ukisoma kurasa za hizi zana wote wanakuonyesha amri ya kuwasha. Amri moja, subiri kidogo, mashine hiyo hapo. Sawa, lakini hapo wote wanalingana hakuna cha kuchagua. Tofauti iko kwenye kuzima. Ukisahau nani anazima? Ikizimwa kinabaki nini ndani? Na ikiwa imezimwa bado inakula hela au haili? Mi naanzia hapo, halafu umbali wa seva kutoka ulipo, mengine yote ni mapambo.

gh codespace

Kama mradi wako uko GitHub tayari hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Unainstoli `gh`, unalogini, halafu kuna kitu kimoja kinawasumbua watu mwanzoni: tokeni ya kawaida ya `gh auth login` haina ruhusa ya codespace, kwa hiyo inabidi uiongezee (`cs` kwenye amri ni kifupi cha `codespace`).

```
gh auth refresh -h github.com -s codespace
gh cs create --repo jina/mradi -b main -m basicLinux32gb --idle-timeout 15m
gh cs ssh
```

Hiyo `basicLinux32gb` ndiyo mashine ndogo, koo (core za prosesa) 2, RAM GB 8, diski GB 32. Usipotaja mashine itakuuliza. Na `gh cs ssh` haitaki uhangaike na funguo za SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali), inatengeneza yenyewe na kukuingiza ndani. Ila kama umeweka imeji (kiolezo cha kontena) yako mwenyewe kwenye `devcontainer.json`, faili inayoeleza mazingira ya mradi, tuseme Debian iliyopunguzwa punguzwa, SSH itagoma kwa sababu ndani ya kontena hakuna sshd, programu ya kupokea SSH, dawa ni kuongeza kipengele (feature) cha `ghcr.io/devcontainers/features/sshd:1` kwenye hiyo faili na kujenga upya kwa `gh cs rebuild`. Imeji ya kawaida ya GitHub inayo tayari.

Sasa kuzima. Codespace ikikaa dakika 30 bila shughuli inajizima yenyewe, hiyo ndiyo hali ya kawaida, unaweza kushusha mpaka dakika 5 au kupandisha mpaka 240. Mi naweka 15. Angalia lakini, kuchapa na matokeo yanayotiririka kwenye terminali yote yanahesabika kuwa shughuli, kwa hiyo ukiacha seva ya majaribio inayotema logi kila sekunde kwenye terminali halafu ukaenda kula, usishangae ukirudi mashine iko macho inakusubiri na saa zinahesabika.

Ikizimwa mafaili yanabaki, michakato inakufa. Usipoigusa siku 30 inafutwa kabisa, na hizo siku unaweza kuzipunguza kwa `--retention-period`. Hapa ndipo napenda sana kitu kimoja kidogo ambacho wengi hawakioni. Piga `gh cs list` na uangalie safu ya tawi:

```
NAME               REPOSITORY   BRANCH   STATE
fuzzy-robot-x9...  jina/mradi   main*    Shutdown
super-lamp-7q...   jina/api     main     Available
```

Ile nyota pembeni ya `main` maana yake kuna kazi humo ndani bado haijapushiwa. Yaani kabla ya kufuta unajua kabisa ipi ina mali na ipi ni takataka, na hata ukipiga `gh cs delete` kwenye yenye nyota inakuuliza kwanza mpaka uilazimishe kwa `--force`. Kwa usafi wa wiki napiga `gh cs delete --days 7`, inafuta zilizozeeka kupita siku hizo na kunisimamisha penye mabadiliko ambayo hayajasevwa.

Hela sasa. Akaunti ya bure ya mtu binafsi inapewa saa za koo 120 kwa mwezi na GB 15 za hifadhi. Watu wanasoma 120 wanadhani ni saa 120 za kazi, hapana, ni saa mara koo. Kwa mashine ya koo 2 ni saa 60, ya koo 4 ni 30 tu. Mwenye Pro anapata 180 na GB 20, na mwanafunzi aliyekubaliwa kwenye kifurushi cha wanafunzi cha GitHub naye anaingia ngazi hiyo, kwa hiyo kama uko chuo anzia huko kabla hujatoa hata shilingi. Ukimaliza za bure ni dola 0.18 kwa saa kwa mashine ya koo 2. Piga hesabu ya mtu anayefanya kazi saa 6 kwa siku, siku 20 za mwezi: saa 120, toa 60 za bure, zinabaki 60, hiyo ni dola 10.80. Si mbaya. Kinachouma kimyakimya ni hifadhi, dola 0.07 kwa GB kwa mwezi, na hii inahesabika hata codespace ikiwa imezimwa. Ukiwa na tano ulizozisahau kila moja na `node_modules` zake na imeji za Docker, GB 15 zinaisha hata kabla ya saa zako.

Uzuri wake, kama hujaweka kadi hukatwi kitu, zikiisha zimeisha unasubiri mwezi mpya. Kwa mtu anayeogopa bili ya ghafla hilo peke yake linatosha kuichagua. Na ukitaka kuweka kadi, Kenya kuna ile M-Pesa GlobalPay ya Visa tangu 2022, Tanzania pia kuna kadi za mtandaoni za mitandao ya simu, unaweka salio unalotaka litumike na hakuna cha ziada cha kukatwa.

Ubaya wake ni umbali. Codespaces haina seva Afrika. Unachagua Marekani mashariki au magharibi, Ulaya magharibi, Asia ya kusini mashariki au Australia, na kwa sisi wa Dar, Nairobi au Mombasa ya Ulaya ndiyo afadhali, `-l WestEurope`. Afadhali tu, maana kila herufi unayochapa inazunguka na nyaya za baharini mpaka Uholanzi huko na kurudi, zaidi ya milisekunde 100 kwenda na kurudi hata siku nzuri. Ukitumia vim unaisikia. Ukitumia VS Code kwa `gh cs code` huisikii sana kwa sababu uandishi unafanyika kwenye laptopu yako na faili ndiyo inakwenda kusevwa kule. Siku mbaya ndiyo usiseme, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, mtu ambaye mradi wake wote ulikuwa mbali alikuwa likizo bila kuomba.

DevPod

Hii ilitengenezwa na Loft Labs, ilitoka 2023, programu huria. Yenyewe haina seva kabisa, ni programu ya kwenye laptopu yako inayoongea na mtoa huduma unayemtaka: AWS, Google Cloud, Azure, DigitalOcean, Kubernetes, mashine yoyote yenye SSH, au Docker ya hapo hapo kwenye laptopu. Faili ni ile ile `devcontainer.json`, kwa hiyo mradi unaokwenda Codespaces unakwenda na huku bila kubadilisha kitu au kwa mabadiliko madogo.

```
devpod provider add aws
devpod up github.com/jina/mradi --ide none
ssh mradi.devpod
```

Hilo la `ssh mradi.devpod` ndilo linanifurahisha kuliko yote, DevPod inajiandikisha yenyewe kwenye `~/.ssh/config` kwa hiyo `scp`, `rsync` (zana za kukopi faili), na kila kitu kinachojua SSH kinafanya kazi bila amri maalum. Kwenye `gh` hilo linawezekana pia lakini unajitengenezea mwenyewe kwa `gh cs ssh --config`, na kila codespace mpya unarudia. Kukopi faili moja moja kuna `gh cs cp -e`, ukishazoea inaenda, ila kwa folda kubwa nataka rsync yangu.

Na kwa umbali DevPod inashinda bila ubishi. AWS wako Cape Town tangu 2020, Google Cloud wako Johannesburg tangu 2024, Azure nao Johannesburg. Unachagua rijoni (eneo la seva) unayotaka. Cape Town ya AWS ni ghali kuliko Ulaya yao, hilo ulijue kabla, lakini ukifanya kazi ya kuchapa siku nzima tofauti unaisikia kwenye vidole. Usiniamini mimi, washa mashine ndogo kila sehemu upige `ping` ukiwa kwenye intaneti yako hiyo hiyo ya kila siku, kwa sababu kuna watoa intaneti ambao njia yao ya kwenda Johannesburg inapitia Ulaya kwanza, hapo umelipia ukaribu wa kwenye ramani tu.

Kuzima: ukitumia watoa huduma wa aina ya mashine, yaani AWS, Google, Azure na wenzao, kuna muda wa kukaa bila shughuli, kwa kawaida dakika chache tu, na wakala aliye ndani ya mashine ndiye anazima. Hiyo ni nzuri, laptopu yako ikizima kwa umeme kukatika seva bado itajizima. Lakini ukitumia mtoa huduma wa SSH, tuseme una VPS, yaani seva ya mtandaoni, umeikodi mahali, DevPod haizimi chochote pale, kontena tu ndiyo inasimama, VPS inaendelea na unalipa mwezi mzima kama kawaida. Na si kila klaudi kuzima ni kuacha kulipa. AWS ukizima mashine unalipa diski tu, DigitalOcean mashine iliyozimwa inaendelea kulipiwa mpaka uifute. Watu wengi wanafananisha bei za kwa saa tu wanasahau hapo.

Kuna shimo lingine. Orodha ya mazingira yako yote iko kwenye laptopu, folda ya `~/.devpod`. Hakuna mahali pengine. Laptopu ikiibiwa au ukafomati bila bakapu, `devpod list` kwenye mashine mpya inakuja tupu huku diski zako kule AWS zipo na zinalipiwa, itabidi uingie kwenye konsoli ya AWS uzitafute kwa mkono. `gh cs list` haina shida hiyo, orodha iko kwao, unalogini popote unaiona.

Kitu ambacho kwa mazingira yetu nakipa maksi nyingi ni hiki: intaneti ikikata, na kodi na imeji zipo tayari kwenye laptopu, unaweza kurudi huko kwa mazingira yale yale.

```
devpod up ./mradi --id mradi-laptop --provider docker --ide none
```

Polepole, ndiyo, feni italia, ila kazi inaendelea. Codespaces ikikatika intaneti unatazama skrini. Kwa haki niseme unaweza kufanya hivyo hivyo na `devcontainer up` ya mradi huria wa Dev Containers hata kama wewe ni mtu wa Codespaces, ila ni zana ya pili ya kuinstoli na kujifunza.

Angalizo moja, kabla hujaiweka DevPod kwa timu nzima pita kwenye repo yao uangalie toleo la mwisho lilitoka lini na maswali yanajibiwaje. Hii ni soko ambalo watu wanaondoka. AWS Cloud9 imefungwa kwa wateja wapya tangu Julai 2024, Gitpod ambayo kila mtu alikuwa anaitaja 2025 ikabadili jina kuwa Ona na kuelekea kwenye mambo ya mawakala wa AI. Usiweke kitu cha muhimu kwenye skripti za zana yenyewe, weka kwenye `devcontainer.json`, hiyo inahamishika.

Coder

Coder ni mnyama mwingine. Hapa unaendesha seva yako mwenyewe, `coder server`, na database ya Postgres, na mazingira yanaelezwa kwa Terraform, zana ya kueleza miundombinu kwa kodi. Mtu mmoja anaandika templeti, anaipandisha kwa `coder templates push`, wengine wanapiga tu:

```
coder login https://coder.kampuni-yenu
coder create kazi --template=backend
coder ssh kazi
```

Kama uko peke yako, ruka hii sehemu. Kweli kabisa. Kuendesha seva ya kukuwashia seva nyingine ili uandike programu yako ya wikiendi ni kujitafutia kazi. Coder inaanza kuwa na maana pale mna timu, data haitakiwi kutoka nje, na kuna mtu ambaye kazi yake ni miundombinu. Benki, kampuni ya simu, hospitali kubwa, au kampuni yenye wateja wanaotaka data yao ikae ndani ya nchi. Tanzania na Kenya zote zina sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, na afisa wa usalama akikuuliza hiyo kontena yenye nakala ya database ya wateja iko wapi, "iko Ulaya magharibi" si jibu atakalofurahia. Coder inaweza kukaa kwenye seva zenu wenyewe kwenye chumba chenu cha seva na laptopu ya mtu ikawa kioo tu.

Kuzima kwenye Coder ndiyo kuzuri kuliko zote tatu. Msimamizi anaweka muda kwenye templeti, na mtumiaji naye anajipangia ratiba kama saa za ofisi:

```
coder schedule start kazi 8:00AM Mon-Fri Africa/Dar_es_Salaam
coder schedule stop kazi 9h
```

Asubuhi saa mbili inawaka yenyewe, unafika na chai yako mashine iko tayari, na masaa tisa baadaye, yaani saa kumi na moja jioni, inazima. Wikiendi haiwaki. Kwa timu ya watu 20 hiyo mistari miwili inaokoa hela kuliko mkutano wowote wa kukumbushana kuzima mashine.

Lakini sasa jua kuzima kwa Coder kunafanya nini, maana hapa watu wanalia. Inaendesha Terraform tena, na kwa templeti nyingi vitu vyote vinabomolewa isipokuwa diski ya nyumbani. Ulichoinstoli kwa `apt` nje ya `/home` hakipo kesho asubuhi. Si hitilafu, ndivyo ilivyokusudiwa, kinachohitajika na wote kiingie kwenye imeji ya templeti. Mtu aliyetoka Codespaces, ambako kuzima na kuwasha kunamrudishia kontena yake na vitu vyake, inamchukua muda kuzoea, kwa hiyo waambieni watu siku ya kwanza.

Kwa mtandao Coder inajitahidi kuunganisha laptopu na mashine moja kwa moja kwa WireGuard (njia ya mtandao iliyofichwa kwa usimbaji), ikishindwa inapitia seva ya katikati. `coder ping kazi` inakuambia uko kwenye njia ipi, na kama kila siku unapitia katikati muone mtu wa mtandao afungue UDP (aina ya trafiki ya mtandao) kwenye fayawoli ya ofisi.

Na VPS ya kawaida je?

Lazima niitaje maana kuna watu wanasoma haya yote huku wanajiuliza kwani shida iko wapi na VPS moja, tmux (inayoacha kazi ziendelee ukitoka) na mosh (mbadala wa SSH unaovumilia intaneti mbovu). Kwa mtu mmoja mwenye mradi mmoja au miwili, hakuna shida, na kwa intaneti ya simu inayokatika katika mosh inapiga zote hizi chini. Ukitoka Wi-Fi ukaingia kwenye bando la simu kikao kinaendelea, na herufi inaonekana papo hapo kabla seva haijajibu. Mosh inataka UDP, porti 60000 mpaka 61000, kwa hiyo ndani ya `gh cs ssh` haipiti, ile ni njia ya kupenyeza tu. Utakachokosa kwenye VPS ni kubomoa na kujenga upya, baada ya mwaka mashine ina matoleo matatu ya Node na hakuna anayejua nani aliyaweka.

Ninavyochagua mimi: miradi ya huria na ya kujifunza, gh codespace, nabaki ndani ya saa za bure na kadi siweki. Kazi ya mteja ya kila siku, DevPod kwenye Google Cloud Johannesburg, na Docker ya laptopu kama akiba ya siku ya intaneti mbovu. Coder naipendekeza ofisini tu, tena pale ambapo kuna mtu wa kuitunza. Na kama ndiyo unaanza kabisa hujui hata kama maisha ya klaudi yatakufaa, jaribu kwanza Cloud Shell ya Google, `gcloud cloud-shell ssh`, bure saa 50 kwa wiki na GB 5 za kuhifadhi, mashine yenyewe dhaifu na usipoigusa siku 120 wanafuta folda yako ya nyumbani, ila kwa kujaribu kama mikono yako inavumilia ucheleweshaji inatosha sana.

Wa simu sijawasahau. Termux, programu ya terminali ya Android, ina `gh` kwenye vifurushi vyake, `pkg install gh openssh`, unalogini, `gh cs ssh`, na hapo simu ya kawaida ya Android pamoja na kibodi ya Bluetooth inakuwa mlango wa mashine yenye GB 8 za RAM. Fungua tmux kwanza kabla ya kitu chochote, kwa sababu Android inapenda kuua programu zilizo nyuma pale RAM inapobana, na ukimaliza piga `gh cs stop` mwenyewe usisubiri zile dakika 15.